Fundi wa gongo mwenye mwili mdogo: anaweza kufika wapi?

Kila mwaka michezo ya shule za sekondari inapokaribia, swali moja huzunguka Malindi, kuanzia uwanja wa Alaskan hadi mabaraza ya Shella: kijana ni fundi wa mpira wa magongo, yaani hoki, anawapiga chenga hata waliomzidi vidato viwili, lakini ni mfupi na mwembamba. Aendelee na mchezo huu mpaka alipwe, au anapoteza muda? Mzazi akifungua simu kutafuta jibu, anakutana na mijadala ya watu wa Canada na Marekani wanaosema mchezaji mdogo hapati klabu, na video za wanaume wenye kofia ngumu wakibamizana ukutani. Anaizima simu akiwa na hofu kuliko alivyoiwasha.

Hofu hiyo imetoka kwenye mchezo mwingine. Kwa kijana wa Malindi anayecheza magongo, umbo dogo ni jambo la nne au la tano. Kinachomzuia hasa ni uwanja anaochezea, miaka michache aliyoshika gongo, na uhaba wa pesa katika mchezo wenyewe. Watu wanahangaika na kimo, ambacho hakuna awezaye kukibadilisha, na mambo matatu yanayoweza kushughulikiwa yanaachwa yalivyo.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Hoki ya barafu huchezwa ukumbini juu ya sakafu ya barafu, wachezaji wakivaa viatu vyenye makali ya chuma chini, sita kila upande, kipa akiwemo, wakigombea kisahani kigumu cheusi. Uwanja umezungukwa na ukuta, na sheria ya wanaume inaruhusu kumbamiza kwa mwili mwenye kisahani. Mpira wa magongo, ambao wengi wetu tunauita hoki tu, huchezwa nje kwenye uwanja wa mita 91.4 kwa 55, watu 11 kila upande, kwa mpira mgumu wenye uzito wa gramu 156 hadi 163. Shule zetu zinacheza huu wa pili. Kenya ina uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, na ilipokewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini mtoto wa Barani au Maweni hakutani na barafu hiyo.

Neno jingine ni «mchezaji wa kulipwa». Huyu ni mtu anayekula, kuvaa na kulipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa mchezo. Yuko na yule anayelipwa kwa nusu: amepata kazi, karo ya chuo au posho ya mechi kwa sababu anacheza, lakini mchezo peke yake haumtoshi. Katika magongo duniani kote, wa aina hii ya pili ndio wengi.

Barafuni kimo kina uzito, ila si kama zamani

Ligi kubwa ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina klabu 32, na wastani wa kimo cha wachezaji wake ni kama sentimita 185. Sababu inaeleweka. Mtu akikufuata kwa kasi na ukuta uko nyuma yako, kilo 20 za ziada alizo nazo utazihisi mbavuni. Kwa miaka mingi watafuta vipaji walikuwa wakianza na futi ya kupimia kabla ya kutazama mikono.

Mambo yalilegea baada ya msimu wa 2004–05, ambao haukuchezwa kabisa kwa mgogoro wa mishahara. Ligi iliporudi, waamuzi waliagizwa kuadhibu bila huruma kila aliyemshika mwenzake au kumnasa kwa gongo. Wachezaji wepesi wakapata pa kupita. Martin St. Louis, mwenye sentimita kama 173, hakuteuliwa na klabu yoyote katika uteuzi wa vijana, na klabu yake ya kwanza, Calgary, ilimwacha mwaka 2000. Hata kabla ya agizo hilo, akiwa Tampa Bay, aliongoza ligi nzima kwa pointi (mabao na pasi za mabao) mwaka 2004 na kutwaa kombe mwaka huo huo, kisha akaongoza tena mwaka 2013 akiwa na miaka 37. Leo Alex DeBrincat na Cole Caufield, wenye kimo kama chake, ni wafungaji wa kutegemewa.

Lakini mtu asidanganywe na majina hayo. Barafuni mdogo anaajiriwa akiwa amemzidi mkubwa kwa wazi: kasi zaidi, uamuzi wa haraka zaidi, mabao zaidi. Wakilingana kwa ufundi, klabu humchukua mkubwa. Huo ndio ukweli ambao mijadala ya mitandaoni inauzungumzia, na kule kwao wako sahihi.

Sheria za magongo zinamlinda mdogo

Katika magongo, kumsukuma, kumkumba au kumzuia mtu kwa mwili ni kosa. Zaidi ya hapo, hairuhusiwi kuuweka mwili au gongo lako kati ya mpira na mpinzani ili asiufikie. Lile jambo ambalo mshambuliaji mwenye kifua kikubwa hulifanya kwenye soka, kumpa beki mgongo na kuukinga mpira, kwenye magongo linapigiwa filimbi. Nguvu za mwili, zinazomsaidia sana mkubwa kwenye michezo mingine, hapa zimewekewa mipaka.

Mabadiliko mengine yamekuja kumfaa mwepesi. Sheria ya kuotea ilifutwa katika miaka ya 1990. Tangu 2009, timu inapopewa mpira wa adhabu, mchezaji anaweza kujianzishia mwenyewe na kuondoka nao badala ya kulazimika kumpasia mwenzake. Kijana mwenye akili ya haraka anaanza mbio wakati beki bado anajadiliana na refa. Mechi ina robo nne za dakika 15, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo: mtu anaingia, anachemka dakika sita, anatoka kupumua, anarudi. Mwili mdogo usio na akiba kubwa ya nguvu hauhitaji kudumu uwanjani saa nzima.

Na mpira uko chini. Mtu wa sentimita 188 lazima ajikunje kiuno na magoti ili gongo lilale vizuri, na akisimama wima anachelewa. Aliye mfupi yuko karibu na mpira tangu mwanzo, na kugeuka kwake kunachukua hatua moja ambapo mrefu anahitaji mbili. Ndani ya nusu duara ya kufungia, yenye upana wa mita 14.63 kutoka mstari wa goli, magongo na miguu vimejaa kama mwamba maji yakitoka. Ngalawa hupita pale ambapo jahazi lingekwama.

Jamie Dwyer wa Australia, mwenye kimo cha kama sentimita 172, alichaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tano kati ya 2004 na 2011. Rani Rampal wa India, binti wa msukuma mkokoteni kutoka mji wa Shahabad, alikataliwa mwanzoni na kocha kwa sababu ya mwili dhaifu wa utapiamlo. Alichezea taifa akiwa na miaka 14, akacheza Kombe la Dunia la 2010 akiwa na 15, na aliongoza timu iliyoshika nafasi ya nne kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Kuna mahali kimo kinasaidia, na ni haki kusema. Kipa analinda goli la mita 3.66 kwa 2.14, na mikono mirefu inahesabika. Mpigaji wa kona ya adhabu, pigo linalotolewa beki akikosea ndani ya nusu duara, anayeuvuta mpira kwa gongo na kuurusha golini hufaidika na mikono na mgongo mrefu. Beki wa kati mwenye mkono mrefu anafikia mipira ambayo mwingine angeikosa. Kwa hiyo kosa la kawaida mashuleni, kumweka mtoto mdogo golini kwa sababu «huko hatagongwa», ni kosa mara mbili: anapelekwa pale kimo chake kinapomuumiza, na ananyang'anywa miaka ya kujifunza gongo. Mahali pake ni kiungo wa mbele, winga, au mshambuliaji anayezunguka.

Mdogo wa leo huenda ni aliyechelewa tu

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka kama 14, wasichana kama 12, lakini tofauti ya miaka miwili kabla au baada ni ya kawaida. Watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuachana kimo cha kichwa kizima bila yeyote kuwa mgonjwa. Mmoja amemaliza kukua, mwingine hajaanza.

Kwa makadirio, chukua kimo cha baba na cha mama kwa sentimita, ujumlishe. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana punguza 13, kisha gawanya kwa mbili. Baba wa 168 na mama wa 156 wanatoa sentimita 168 na nusu kwa mvulana, na matokeo halisi yanaweza kupanda au kushuka kwa sentimita nane hivi. Ni makadirio, si hukumu, lakini yanamwondolea kocha tabia ya kumhesabu mtoto wa miaka 13 kuwa «mfupi wa kuzaliwa».

Mpime kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kitabu kikilazwa juu ya kichwa. Andika. Namba zikianza kuruka, yaani mtoto ameingia kwenye kasi ya sentimita saba, nane au zaidi kwa mwaka, punguza mbio za nguvu na kuruka kwa miezi michache. Kipindi hicho ndicho cha maumivu chini ya goti na kwenye kisigino, kwa sababu mifupa imetangulia na kano zinavutwa. Chenga pia hupotea ghafla: mikono imerefuka na ubongo bado unaitumia ramani ya zamani. Makocha wengi huwaacha vijana hapo, wakidhani kipaji kimeisha. Kinarudi.

Mwanasaikolojia wa Canada, Roger Barnsley, alionesha katika miaka ya 1980 kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu. Si kwamba Januari ina baraka. Hesabu ya umri kule huanza Januari 1, kwa hiyo mtoto wa Januari anashindana na wa Desemba akiwa amemzidi karibu mwaka mzima wa kukua; anachaguliwa, anapewa kocha bora, na pengo linapanuka. Kwetu tatizo hilo lina sura nyingine: kijana aliyepunguziwa miaka kwenye vyeti. Mtoto wa miaka 15 akionekana mdogo mbele ya mpinzani «wa miaka 16» mwenye ndevu zilizonyolewa jana, tatizo haliko kwenye kimo cha mtoto. Mwalimu anayefumbia macho vyeti vya kughushi ili ashinde kombe la kaunti anaviua vipaji vyake mwenyewe.

Imani potofu chache zipitwe haraka. Kuning'inia kwenye mti hakurefushi. Mazoezi ya nguvu kama kuchuchumaa, kupiga pushapu na kupanda ngazi hayamdumazi mtoto, yakifanywa kwa mpangilio mara mbili au tatu kwa wiki. Poda za madukani hazimfanyi mtu awe mrefu. Sindano za homoni ya ukuaji ni dawa ya ugonjwa unaopimwa hospitalini, na mwanamichezo anayezitumia bila kibali anafungiwa. Kinachodumaza watoto ni maradhi ya mara kwa mara, minyoo, na sahani yenye ugali au muhogo mtupu. Dagaa, kunde, mayai na maziwa vinatosha kabisa, na Malindi samaki hatutafuti mbali.

Jambo moja la hapa kwetu: kwa miaka mingi magongo ya shule yamechezwa muhula wa kwanza, wakati wa joto la kaskazi, na miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo. Kijana mwembamba anayefunga na kukimbizwa saa kumi jioni hupoteza kilo na uangalifu. Mazoezi mepesi ya gongo nusu saa kabla ya magharibi, na ya nguvu baada ya futari na kupumzika, yanamhifadhi.

Uwanja ndio unaomzuia

Hapa ndipo penye shida hasa. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne. Miaka mitano baadaye, Olimpiki ya Montreal ikachezwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza, na mchezo ukahama. Timu yetu ya wanaume ilicheza Olimpiki kwa mara ya mwisho mwaka 1988. Miili ya Wakenya haikusinyaa kati ya 1971 na 1988. Kilichobadilika ni kitu kilicho chini ya miguu.

Kwenye uwanja wa murram au nyasi kavu, mpira unaruka hovyo. Mtoto anajifunza kusimamisha gongo wima ili limkinge, kuupokea mpira karibu na mguu, na kusubiri utulie. Kwenye nyasi bandia iliyomwagiwa maji, mpira unateleza chini kwa kasi. Anayepokea hulaza gongo hadi vidole vikaribie kugusa ardhi, huupokea mbele na pembeni ya mwili akiwa amegeuka nusu, na kuondoka nao kwa mguso mmoja. Beki naye hulaza gongo lote kama kizingiti. Kijana wetu akifika kwenye majaribio Nairobi na mazoea ya murram, mpira unampita mara tatu, mkufunzi anaandika «mdogo, hana nguvu», na anarudishwa nyumbani. Nguvu hazikuhusika. Hajawahi kucheza juu ya kitu kile.

Malindi inaweza kupunguza pengo hili bila kusubiri uwanja wa mamilioni. Uwanja wa saruji wa basketiboli, ukifagiliwa na kumwagiwa ndoo mbili za maji, unautelezesha mpira vizuri kwa mazoezi ya kupokea na kupasi. Ukuta wa darasa ni mwenzi asiyechoka: pasi 100 kila jioni kwa umbali wa mita tano, 50 za upande wa kawaida na 50 za kugeuza gongo. Ufuo nao unafaa, siku za bamvua maji yanapotoka mbali na kuacha mchanga mgumu wenye unyevu. Mpira unabingirika sawasawa na miguu inapata nguvu bila kupiga saruji. Baadaye gongo lioshwe kwa maji matamu na likaushwe kivulini, maana gongo la nyuzi za kisasa likiwa na ufa, maji ya chumvi huingia ndani na kulilegeza. Kwenye saruji na murram, ncha ya gongo huliwa haraka. Izungushie utepe, au tumia gongo la zamani na uliweke jipya kwa mechi.

Gongo lenyewe limewaharibu watoto wengi wadogo. Shule inanunua ya inchi 36 na nusu kwa wote, na mtoto wa sentimita 145 anapewa silaha ya mtu mzima. Simamisha gongo sakafuni kando ya mtoto: ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga, si kitovuni. Kwa mtoto wa sentimita 140 hadi 150 hiyo ni kama inchi 34. Wa 150 hadi 165, inchi 35 au 36. Sheria inaruhusu uzito hadi gramu 737, lakini kwa mwili mdogo tafuta la gramu 540 au chini. Gongo refu linamfanya asimame wima, mkono wa juu unabanana na tumbo, na kugeuza kunachelewa. Fupi mno linamkunja mgongo, na baada ya mwaka kiuno kinauma.

Kisha mikono. Mkono wa kushoto hushika juu na ndio unaogeuza; wa kulia, chini kidogo, uwe pete legelege ambamo gongo linazunguka. Upande wa mgongo wa gongo, ulio mviringo, hauruhusiwi kugusa mpira, kwa hiyo kuuvuta kulia kisha kushoto kunahitaji gongo lipinduke kila mara. Mtazame mtoto anayeshindwa: vidole vya kulia vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe, na gongo haligeuki. Mwambie alishike kwa kidole gumba na cha shahada tu kwa dakika tano. Mara nyingi tatizo huisha siku hiyo hiyo. Akishaweza bila kutazama chini, mwekee mtu mbele anayeonesha vidole, naye ataje idadi huku akiendesha mpira. Mchezaji mdogo anayetazama mpira tu atagongana na watu. Anayetazama mbele hawakuti.

Kosa kubwa la fundi mdogo ni kukaa na mpira. Akizoea kushangiliwa kwa chenga nne, siku atakapokutana na mabeki walioiva atanyang'anywa kwenye ya pili. Mfundishe chenga moja kisha pasi, na kukimbia mara moja kwenye nafasi mpya. Kinachowavutia wakufunzi wa juu ni jinsi anavyojiondoa kwa beki kabla mpira haujamfikia.

Pesa ziko wapi

Katika NHL, mshahara wa chini kabisa msimu wa 2024–25 ulikuwa dola 775,000 za Marekani. Magongo hayana kitu kinachokaribia hapo. Klabu za juu za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani hulipa, na mgeni kwa kawaida hupata malipo ya wastani, mahali pa kulala na kazi ya kufundisha watoto wa klabu. Ligi ya India ilirudi mwishoni mwa Desemba 2024 baada ya kusimama tangu 2017. Nahodha wa taifa, Harmanpreet Singh, alinunuliwa kwa rupia milioni 7.8, bei iliyokuwa ya juu kuliko zote kwenye mnada huo, na huyo ni mmoja wa wapigaji bora wa kona duniani.

Nchini Kenya mchezo hulipa kwa njia ya pembeni. Kenya Police ni timu ya chombo cha dola, na mchezaji mzuri hupata njia ya ajira. Butali Sugar Warriors imeegemea kiwanda cha sukari. Strathmore na USIU zina timu za chuo katika ligi, na huko ndiko familia inapaswa kuulizia ufadhili wa karo kabla ya kuulizia mshahara. Kwa wasichana, Blazers, iliyokuwa ikijulikana kama Telkom, imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Mtoto akipata shahada bila deni kwa sababu ya gongo, mchezo umemlipa, hata kama hakuna aliyemwandika gazetini.

Njia ya kufika huko huanza na shule yenye timu. Magharibi mwa nchi wametangulia mbali: Friends School Kamusinga, St. Anthony's Kitale na Musingu zinafahamika kwa kila anayefuatilia magongo ya shule. Si lazima kumhamisha mtoto wa Malindi hadi huko, lakini anapochagua shule ya juu baada ya darasa la tisa, aulize mambo mawili: timu inacheza mechi ngapi kwa mwaka, na je, shule inatoa mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo? Klabu ya ligi iliyo karibu nasi ni Mombasa Sports Club, mwendo wa kilomita kama 120. Wikendi moja au mbili kwa mwezi akifanya mazoezi na watu wazima huko zinampa kasi ambayo shuleni hataipata.

Na wale wanaokuja na ahadi wapimwe. Wakala anayetaka laki mbili ili «amwingize kijana majaribioni» Ulaya au Canada, aulizwe ni mchezo upi kati ya ile miwili, klabu gani, na barua iko wapi. Mwaliko wa kweli unatoka kwenye klabu yenyewe, ukiwa na tarehe, mahali pa kulala na jina la anayepokea. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa. Mchezaji anayehamia klabu ya nchi nyingine huhitaji kibali cha chama cha nyumbani, kwa hiyo Kenya Hockey Union lazima wawe na habari. Wakala akisema wao hawahusiki, mazungumzo yaishie hapo. Kijana aliye chini ya miaka 18 asisafiri bila mzazi kusaini na kujua anakaa kwa nani.

Kitu cha kuandaa mapema ni faili jembamba: cheti halisi cha kuzaliwa, pasipoti, daftari la vimo, orodha ya mechi alizocheza na nafasi aliyocheza, na video ya dakika tatu iliyopigwa kutoka juu ya ukuta au gari, inayoonesha mechi nzima ikiendelea kabla na baada ya yeye kugusa mpira. Chenga zilizokatwakatwa na kuwekewa muziki hazimwambii mkufunzi chochote. Anataka kuona kijana anasimama wapi wakati mpira uko kwa mwingine.